Kikombe Kilichosafishwa kwa Kaa la Oloirien

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, inaingia kwenye mkoba. Niliinunua mjini Arusha enzi za ruksa, maduka yalipojaa ghafla vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu. Aliyeniuzia alikuwa Mchaga mmoja aliyeleta vifaa vya hospitali vilivyotumika kutoka ng'ambo. Unaiunganisha na betri ya gari, unatia dawa ya maji kwenye kikombe cha plastiki, inanguruma, dawa inageuka mvuke, na mgonjwa anauvuta. Mgonjwa alikuwa mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu. Pumu ilimwanza angali anatambaa.

Yule Mchaga alinisomea maelekezo, maana yaliandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu.

"Kikombe kioshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu na siki kidogo. Usikichemshe, usikiweke karibu na moto. Kikiharibika, kaka, mimi sina kingine."

Nikaitikia, macho yangu yako kwenye redio zilizopangwa nyuma yake. Ndivyo nilivyo. Nasikia nusu ya jambo, nusu iliyobaki naijaza kwa ukali.

Mimi niliishi Lemara. Mama na mdogo wangu walikuwa bomani kwetu, magharibi ya Mlima Meru, na nilikwenda kila Jumapili baada ya ibada. Siku ya kwanza ya mashine ile, mdogo wangu alivuta mvuke, kisha akajilaza chali juu ya ngozi na kusinzia mchana kweupe. Alikuwa amezoea kulala ameketi, ameegemea ukuta. Mama alimtazama kifua kinavyopanda na kushuka, akalia. Nilijiona mwanamume.

Lakini maji ya kwetu ndiyo haya yanayotutia meno rangi ya kahawia, na kila chombo kinachokaa nayo huota ukoko mweupe. Kikombe nacho kikaota. Mama aliniomba ile siki niliyomwambia ndiyo ya kukioshea. Nilisahau. Jumapili iliyofuata akaniomba tena, kwa upole, nikasahau tena, na duka la siki lilikuwa hatua chache kutoka kwangu.

Jumapili ya tatu nikakuta kitundu cha kikombe kinachotoa mvuke kimekaribia kuziba na mdogo wangu amerudi ukutani. Badala ya kujilaumu nikamgeuzia kibao mama, mbele ya majirani.

"Yeyo, uchafu huu utamuua mtoto! Kikombe hiki kisafishwe kuliko chombo chochote humu ndani!"

 Mama alikichukua kikombe kwa mikono miwili akakifunika kwa kanga. Mimi nikaondoka nikijiona nimefundisha usafi. Habari ya kutokiweka karibu na moto sikuwahi kuitaja, hata ile siku ya kwanza.

Nyumbani mwa mama, chombo kilichosafishwa kuliko vyote ni kibuyu cha maziwa. Sufuria husuguliwa kwa mchanga, basi. Kibuyu kina heshima yake: unachoma kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, mpaka kiwe kaa jekundu, unakitumbukiza ndani, unatikisa, kisha unapangusa majivu. Maziwa hayachachi ovyo, na yana harufu ambayo ukiwa mbali na nyumbani unaiota. Mwanamke hupimwa kwa vibuyu vyake, na vya mama havikuwa na mshindani.

Jumapili ya nne nilikuja na siki. Mama alinipokea getini akitabasamu.

"Tazama, baba. Kimejikunja kidogo pembeni, lakini ndani ni kisafi."

Kikombe kilikuwa cheusi, mdomo umenywea, kitundu kimeyeyuka na kuziba kabisa. Kilinukia oloirien na plastiki iliyoungua. Mdogo wangu alikuwa amejaribu kukitumia asubuhi, akakohoa mpaka akatapika. Alijitahidi kunichekea.

"Kaka, usimgombeze. Kinanukia maziwa."

Sikugombeza. Ukali wangu wote ulikuwa umekwenda wapi siku hiyo, sijui. Mama alinitazama usoni, akaelewa kabla sijasema neno, akakifunika tena kikombe kwa kanga. Nilipaswa kumwambia kosa ni langu. Nilimkabidhi chupa ya siki tu.

Nilizunguka mji mzima kutafuta kikombe. Yule Mchaga alitikisa kichwa, wengine walinionyesha vikombe vya chai. Mwezi wa saba ukaingia na ukungu wake, baridi ya mlima ikashuka, na mdogo wangu akafariki ameketi, ameegemea ukuta. Daktari alisema huenda mashine isingemwokoa hata ingekuwa nzima. Alikuwa mtu mwema, nadhani alinihurumia.

Baada ya arobaini nilikwenda kumwona mama. Vibuyu havikuwepo ukutani. Jikoni hapakuwa na kijiti hata kimoja cha oloirien. Aliniletea maziwa kwenye kikombe cha plastiki cha dukani, akakishika kwa mikono miwili kama alivyokishika kile cha mashine.

"Kunywa, baba. Nimekiosha kwa maji ya vuguvugu na ile siki yako. Moto sijakisogezea."

Maziwa yalikuwa machachu, hayana harufu yoyote ya nyumbani. Mama alisimama mbele yangu akingoja nimwambie kama kikombe ni kisafi. Nikamwambia ni kisafi, nikanywa yote.