Mpini wa Mkole

Ukitaka kujua nyumbani kwetu palinukaje mvua za masika zilipokaribia, chukua shoka lililovunjika mpini, litupe kwenye makaa, kisha kaa upande unakoelekea moshi. Mpini wa zamani hauungui kama kuni. Umeshakunywa jasho la mikono na mafuta ya samaki, kwa hiyo hutoa harufu nzito, tamu kidogo, kama mtu anayekaanga kambale ndani ya chumba cha viatu. Mimi niliipenda harufu ile. Watoto wenzangu waliota mandazi, mimi nakodolea macho mpini unaoungua, na Mama akasema mtoto huyu ana kasoro. Kijijini kwetu, kando ya mto, si mbali na Ifakara, kisiki cha mpini kilitolewa hivyo: moto unakula mti, tundu linabaki wazi, chuma kinasuguliwa kwa mchanga na majivu kama sufuria, basi. Mashoka yetu ya kienyeji yenyewe yalifungwa kwa moto. Mhunzi hupasha mkia wa chuma mpaka uwe mwekundu, akauchoma upenye kichwa cha mpini. Nani angeuogopa moto?

Siku hizi nakusanya mashoka. Usicheke bado, sijafika pa kuchekesha. Majirani zangu wanakwenda Malinyi kununua samaki, wanakwenda Sanje kununua ndizi. Mimi safari zangu ni chumbani na uani. Nimeishia sekondari, nina jiwe la kunolea, tupa, msasa na chupa ya siki ya kuloweka kutu, na ukuta wa sebule umejaa mashoka makuukuu ya Ufini, ya Uswidi, na moja la Norwe, yaliyoachwa huku na Wazungu wa misitu na wa viwanda vya mbao. Nayaokoa kwa wauza vyuma chakavu kabla hayajapelekwa kuyeyushwa. Ufundi nimejifunza kwenye simu, kwa mzee mmoja wa Ufini ambaye maneno yake siyaelewi hata moja ila mikono yake naielewa yote. Mke wangu huwaambia wageni, "Karibuni kwenye nyumba yenye mashoka ukuta mzima, na kuni tunanunua zilizopasuliwa." Wageni hucheka. Nami hucheka, maana ni kweli.

Ugonjwa huu ulianza na shoka la Mjomba Severini, kaka yake Mama, mchonga mitumbwi. Alipewa na Mzungu wa msitu aliyefanya naye kazi chini ya milima ya Udzungwa. Mashoka ya kwetu yalikuwa na ulimi mwembamba uliopenya kwenye mpini. Hili lilikuwa na tundu, tena na shingo ndefu iliyoshuka na kuuvaa mpini kama soksi. Kijiji kizima kililiita Mswidi. Nimekuja kujua ukubwani kwamba shingo ile ni ya Ufini, kwa hiyo hata jina tulilikosea, lakini hilo ndilo kosa letu dogo. Mswidi lilikuwa likiingia kwenye mvule kama kisu kwenye papai. Mjomba alipokwenda kuvua, akikaa dago, kambi ya wavuvi, huko juu mtoni, alimwachia Mama alitunze, na Mama, mjane mwenye watoto wa kulisha, alilitunza kwa kupasulia kuni. Mwaka huo, nikiwa darasa la nne, mpini ukavunjika. Mama akalitupa jikoni kama alivyofanya kwa shoka lolote, akalisugua likang'aa, akanituma nilipeleke kwa Baba Felista.

Baba Felista alikuwa jirani yetu na mchonga mipini. Hakuchonga mpini bila kushika mkono wa mtu kwanza. Alisema mpini ni kiatu cha kiganja. Nilipomwamkia shikamoo aliudaka mkono wangu badala ya kuitikia, akaugeuza huku na huku. "Huu," alisema, "ni mkono wa kijiko." Binti yake Felista, rafiki yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Mkono wa Mjomba alikuwa anaukumbuka kwa kichwa. Alichagua mti wa mkole uliokwisha kukauka kivulini, akachonga, akakwangua kwa kipande cha chupa, na jioni nikarudi na shoka.

Mjomba akashuka kutoka dago. Alikuwa na gogo la mvule tayari, na mtumbwi ulitakiwa uguse maji kabla mto haujafurika, maana mto ukishajaa, asiye na mtumbwi hula alichonacho ndani. Watu walikusanyika kumtazama, kama kawaida yao Mswidi linapotoka. Alipiga mara ya kwanza, akasimama. Akapiga tena, akalitazama. Makali yalikuwa yamekunjika kama bati. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mjomba, hilo shoka au mwiko?" Kicheko kile nakisikia mpaka leo. Mjomba hakucheka. Alisema polepole, "Hili si shoka langu."

Kesi ilisikilizwa uani kwa balozi wa nyumba kumi. Mama aliulizwa, akaeleza yote: alilitumia kupasulia kuni, mpini ukavunjika, akalipeleka kwa fundi. Moto hakuutaja. Hakuficha, halikuwa jambo la kutajwa, kama vile mtu anayesimulia alivyopika asivyotaja kuwa aliosha sufuria. Baba Felista aliapa kuwa chuma alicholetewa ndicho alichokirudisha. Mtu akasema mbona herufi za kizungu bado zipo ubavuni, Mjomba akajibu kwamba herufi mtu yeyote mwenye patasi anaweza kugonga. "Lile lilikuwa na roho," alisema. "Hili ni maiti yake." Balozi aliamua Baba Felista atoe shoka lake mwenyewe, ili mtumbwi uchongwe na ujirani ubaki. Alilitoa. Mtumbwi ukachongwa kwa shoka lake, na samaki waliotoka kwenye mtumbwi ule ndio walionivalisha sare mpaka sekondari. Ujirani haukubaki. Hakuna aliyepeleka tena shoka kwa mtu anayebadilisha vyuma vya watu. Felista akahama dawati letu, kisha wakahama wote, wakaenda Mngeta kufanya vibarua kwenye mpunga. Wakati wanapakia mikeka yao, Mama alisimama mlangoni akasema, "Mwizi hana kwao." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini siku ile ulimi wa Mama ulikuwa unatembea bila kutazama chini.

Maiti ya Mswidi ilibaki kwetu. Mjomba hakuitaka, na mpaka anafariki hakuiulizia. Kwa kuwa halikukata, Mama aligongea nalo vigingi vya mbuzi na kuzuilia mlango wakati wa upepo. Mwaka jana nikaliomba nilirudishe lilivyokuwa. Mpini niliutoa kwa adabu zote za mzee wa Ufini: nikaukata, nikatoboa kisiki kidogokidogo, maana kanuni yake ya kwanza, ambayo aliionyesha kwa kupishanisha mikono mbele ya picha ya moto, ni kwamba shoka halichomwi, kwani moto hulegeza chuma kilichokomazwa. Kisha nikaweka tupa kwenye makali. Chuma kigumu huitelezesha tupa. Hiki kiliiachia tupa izame kama kwenye sabuni. Nikakaa na tupa mkononi, halafu nikamwuliza Mama, aliyekuwa anachambua mchele pembeni yangu, "Mama, hili liliwahi kuingia motoni?"

"Kwani mpini ungetokaje?" alisema, bila kuinua uso. Kisha akauinua. Sikuhitaji kumweleza sana. Kuna aibu inayomjia mtu kama mvua, unaiona kwanza kule ng'ambo. Alimwaga mchele wote kwenye ungo, akasema, "Nipeleke Mngeta."

Mimi, mtu wa uani, nikaomba siku chache. Nilitaka twende na kitu cha heshima. Mhunzi alinisaidia kukipasha chuma mpaka kikawa chekundu na kukizima kwenye mafuta, makali yakarudi, nami nikachonga mpini wa kizungu, wenye kiuno na kwato mwishoni, nikaupaka mafuta ukang'aa. Nilijisifu njia nzima, kimoyomoyo. Baba Felista tulimkuta ameketi kwenye kigoda, amekuwa mdogo, Felista akimpepetea mpunga karibu. Mama hakukubali kukaa. "Ni moto, Baba Felista," alisema. "Nililichoma mwenyewe, kabla sijakuletea. Hukubadilisha kitu."

Nilitegemea atukane, ningefurahi angetukana. "Kumbe moto," alisema Baba Felista. "Mimi nilidhani ni mikono yangu. Nikilala nawaza, nililigonga wapi nikaliua? Ndiyo maana sikuchonga tena."

Nikampa shoka, haraka, kama mtu anayeziba tundu kwa nguo. Alipitisha kidole gumba kwenye makali, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha macho yake yakashuka kwenye kiuno changu cha kizungu. "Na mpini wangu?"

"Haukulegea hata siku moja," Mama alisema. "Tumegongea vigingi miaka yote. Ulikuwepo mpaka juzi juzi." Wote wakanigeukia. Jino la pembe si dawa ya pengo, hasa kama pengo umeling'oa mwenyewe kwa utaalamu. Nikasema niliutoa. Akauliza uko wapi. Nikasema ukweli, kwamba niliuacha jikoni na mke wangu aliupikia maharage.

"Yaliiva?"

"Yaliiva, baba."

Felista alicheka kile kicheko chake cha zamani, kisha akageuza uso, akafuta macho kwa kitenge. Baba yake aliushika mkono wangu, akaufungua kiganja. "Bado wa kijiko," alisema.

Shoka liko kwake, na Felista ndiye anayelitumia kupasulia kuni, kwa hiyo limepata maisha kuliko yote yaliyoning'inia kwangu. Ukutani umebaki msumari mtupu. Wageni wakiuliza, naweza kuwaambia kila shoka limetoka nchi gani na shingo yake inasema nini. Mpini wa mkole, shahidi pekee wa Baba Felista, niliushika siku nzima nikiukata na sikumbuki hata ulikuwa na rangi gani. Zamani shoka lilikwenda kwake asubuhi likarudi jioni na mpini. Sasa mikono yake inatetemeka, kwa hiyo nachonga mimi mpini mpya wa mkole, naupeleka Mngeta, anaushika, ananirudishia. Mpaka leo amekataa mitatu. Wa mwisho aliupima kwa muda, nikaanza kutumaini. "Huu ni mzuri," alisema. "Huu utaivisha maharage."