Yai la Nyongeza

Majirani walimwita Mzee Mizani, na jina hilo hakulichukia. Miaka yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa vipimo: anaingia dukani bila kubisha hodi, anatoa mawe ya mizani kwenye mkoba wake, anayapanga juu ya mizani ya muuza sukari, na muuza sukari anaanza kutokwa na jasho. Hakuwahi kula rushwa. Hakuwahi pia kualikwa harusini na mwenye duka yeyote, na hilo alilihesabu kuwa sifa. Marehemu mke wake alipenda kumtania mbele ya wageni, "Huyu siku ya kuniposa alinizunguka mara mbili kwanza, nikajua anakadiria kilo." Wageni walicheka, naye alicheka nao, kwa kuwa ilikuwa karibu sana na kweli.

Sasa mke hayupo, wageni hawaji, na ule mkoba wa mawe aliurudisha ofisini siku aliyostaafu. Kazi iliyombakia ni supamaketi.

Kila Ijumaa jioni alishuka kutoka ghorofa ya nne, akavuka barabara, akaingia na kikapu cha mkononi. Toroli hakuligusa. Alishikilia kwamba toroli limefanywa kubwa makusudi ili mtu aone haya likiwa tupu. Alivaa miwani ya kusomea, akapita rafu moja baada ya nyingine akisoma yale maandishi madogo ambayo hayakuandikwa ili yasomwe. Boksi la sabuni lilipopunguzwa gramu na bei ikabaki palepale, yeye ndiye aliyelibaini, kwa sababu boksi la zamani alikuwa amelitunza nyumbani kama ushahidi. Maziwa ya punguzo aliyageuzageuza kutafuta tarehe. Penye kibao cha "nunua mbili, ya tatu bure" alisimama akakasirika kwelikweli. Ya tatu ataila nani?

Mkate ndio uliomtesa zaidi. Ule mkubwa ulikuwa nafuu ukilinganisha na uzito. Mdogo ulikuwa wizi wa mchana kweupe. Basi alinunua mkubwa, na katikati ya juma utamkuta anakwangua ukungu kwa kisu na kutafuna mkate mkavu. Kununua mdogo kungekuwa kukubali kuibiwa. Kungekuwa pia kukubali kwamba anakula peke yake, lakini hilo hakulisema hata moyoni.

"Mzee, leo umetukamata na kosa gani?" msichana wa kaunta humuuliza huku akipitisha vitu.

"Leo mmeponea chupuchupu."

Hayo ndiyo mazungumzo yake ya Ijumaa. Ya Jumamosi yalikuwa ya Mama Mayai.

Mama Mayai alifuga kuku nyuma ya nyumba yake, upande wa pili wa mji, na tangu enzi za marehemu alikuwa akileta trei moja kila Jumamosi asubuhi. Baada ya mazishi aliendelea kupanda ngazi. Alibisha kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilishika trei.

"Shikamoo, baba. Hizi ngazi zenu zitanizika."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

Kiti kilikuwa kando ya mlango. Alikaa, akapewa chai, akaanza kutoa habari za banda. Kuku wake wote walikuwa na majina. Kulikuwa na Mheshimiwa, anayekula sana na hatagi. Kulikuwa na Bi Madoa, ambaye mayai yake yote yana vidoadoa vya kahawia upande ule mnene. Na jogoo aliitwa Mpangaji, kwa kuwa alihamia mwenyewe kutoka kwa jirani na hakuna siku aliyochangia chochote. Mzee Mizani alimuulizia Mheshimiwa kama mtu anayemuulizia shemeji mvivu, akasikiliza majibu kwa makini. Kabla ya kuondoka, Mama Mayai aliingiza mkono mfukoni akatoa yai moja lililofungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Na hili nyongeza yako, baba."

Ilikuwa hivyo kila Jumamosi. Kisha mlango ulifungwa, na juma zima hakuna mwingine aliyeubisha.

Ijumaa moja supamaketi ikashusha bei ya mayai. Mzee Mizani alisimama mbele ya kile kibao chekundu akahesabu kichwani, akarudia kwa kalamu kwenye kiganja. Yalikuwa makubwa, yote ya rangi moja. Akanunua trei. Nyumbani alitoa mizani ya jikoni, akapima kumi ya supamaketi na kumi ya Mama Mayai yaliyokuwa yamesalia. Mama Mayai alishindwa kwa bei, akashindwa na kwa uzito.

Mtu mwingine angeisukuma ile trei chini ya kitanda. Yeye aliiacha mezani, wazi, kwa imani kwamba mtu mwaminifu humwonyesha mwenzake vipimo. Tena alidhani anamsaidia! Hilo ndilo linaloniudhi kila nikilifikiria.

"Mama, sogea uone mwenyewe," alimwambia hiyo Jumamosi. "Ya kwako ni madogo, na bei iko juu. Ama upunguze bei, ama uongeze ukubwa."

Mama Mayai alianza kwa kucheka. "Niongeze ukubwa? Nikawaambie kuku wajikaze?"

"Nasema kile mizani inachosema."

"Baba, wa kwangu wanatembea, wanachakura, wanaona jua. Hao wengine wamebanwa kwenye vizimba, hata bawa hawakunjui, na taa zinawaka usiku wasilale. Hayo mateso umeyapima? Umevunja hata moja ukatazama kiini?"

"Sikatai. Lakini mimi napima yai, sipimi maisha ya kuku."

"Na mimi kupanda ngazi zote hizi?"

"Ngazi sikukutuma, mama."

Alilisema bila hasira, kwa sauti ileile anayosomea bei. Mama Mayai aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu. "Sawa, baba," alisema, akabeba trei yake akashuka. Yai la mfukoni hakulitoa.

Jumamosi iliyofuata Mzee Mizani alivaa shati safi, akachemsha maji ya kutosha watu wawili, akakaa. Kila kishindo cha ngazini alikiinulia kichwa. Walikuwa watoto wa ghorofa ya tatu. Jioni alikunywa chai yote mwenyewe, ikiwa baridi, kwa sababu kuimwaga ni hasara. Jumamosi nyingine ikawa hivyohivyo. Alimkumbuka, na hakuona haya kukiri kwamba alimkumbuka. Aliyekosekana ni mtu wa kukiri kwake.

Alivunja mayai ya supamaketi kikaangoni. Kiini kilipauka na kutapakaa. Ndipo alipokumbuka kwamba hakuihesabu nyongeza. Katika kazi yake nyongeza haikuwa na nafasi; hilo ni jambo la muuzaji na mteja wake, mizani ikishatulia, na mkaguzi hutazama pembeni. Akachukua kalamu, akarudia hesabu na yai la thelathini na moja ndani yake. Supamaketi bado ilikuwa nafuu kidogo. Alitamani akute amekosea, apate cha kwenda kuombea radhi, na hata hicho hakukipata. Hata hivyo angekwenda wapi? Nyumba ya Mama Mayai hakuijua. Namba yake ya simu hakuwahi kuiomba, maana mtu anayekuja kila Jumamosi huna haja ya kumwomba namba.

Mvua zilikuja, zikaisha. Ijumaa moja akakuta kibao kipya kwenye rafu: mayai ya kienyeji. Alishika trei ya kwanza kwa tabia tu, aone tarehe. Mayai hayakuwa ya rangi moja. Mengine meupe, mengine ya kahawia, na pembeni lilikuwepo moja lenye vidoadoa upande ule mnene.

"Bi Madoa!" alisema kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa karibu akasogeza toroli lake mbali.

Msichana wa kaunta alimwambia kwamba yanaletwa na mama mmoja, Jumanne asubuhi, mlango wa nyuma. Jumanne Mzee Mizani alivaa lile shati safi, akaenda kusimama kati ya maboksi matupu na mapipa ya taka. Mama Mayai alifika na kigari cha kukodi, akaruka chini.

"Shikamoo, baba! Huku kwenye takataka umefuata nini?"

"Marahaba, mama. Nimeona yai la Bi Madoa."

"Umelijua!" Alicheka kwa furaha ya kweli. Hakuwa na kinyongo, na hilo lilimuuma kuliko kama angenuna. "Ulinifumbua macho, baba. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu kama zako. Nauli kwenda na kurudi, ghorofa ya nne, kwa trei moja? Ile haikuwa biashara. Wewe mkaguzi ungenifungia duka."

"Hawa wanakulipa vizuri?"

"Wananibana sana kwenye bei. Lakini nashusha yote mara moja, sipandi popote."

"Mheshimiwa hajambo?"

"Tulishamchinja. Hawa wanataka idadi, baba, siwezi kulisha asiyetaga."

Mzee Mizani alitikisa kichwa taratibu. Ile haikuwa biashara, kasema mwenyewe. Basi zile Jumamosi zote alikuwa akimjia yeye, na ile trei ilikuwa sababu tu ya kubisha mlango.

"Utapita Jumamosi?" aliuliza.

"Nikuletee nini, baba? Mayai si utayapata humo ndani, tena kwa punguzo."

Jibu alikuwa nalo. Njoo tu, chai ipo. Lakini maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu kitu kisichokuwa na kipimo. Mtunza stoo alikuwa tayari anamwita Mama Mayai aje ahesabiwe.

"Kweli," alisema. "Humo yapo."

Alizunguka hadi mlango wa mbele, akangoja mpaka trei mpya zilipopangwa, akachagua moja.

"Mzee, leo si Ijumaa! Umetukamata na nini?"

"Leo hamna kosa."

Nyumbani aliweka trei mezani, akavuta kile kiti cha kando ya mlango, akakaa. Aliyahesabu mayai kwa kidole. Akainua trei, akapapasa chini yake, akatazama na ndani ya mfuko. Yalikuwa thelathini kamili. Hakuna aliyempunja.