Unga wa Msiba

Juzi nilitazama filamu ya wageni kwenye simu. Maandishi yalitaja nchi nyingine, lakini mikorosho ile niliijua. Ni ya kwetu Mkunya, na nyuma ya waombolezaji anapita bibi yangu, beseni la unga wa muhogo likiwa kichwani.

Mchana ule walipokuja kuipiga, nikiwa mtoto, hakuna aliyekuwa amemweleza bibi kwamba wale wageni wanaigiza. Aliona jeneza, akajitanda kanga, akapeleka unga kama inavyopaswa. Nilimfuata nikinusa moshi wa jenereta na mabibo yaliyochacha. Alipotua beseni tu, maiti akainuka, akaomba soda.

"Mama, ni maigizo," mama yangu akamwambia. "Kachukue unga wako."

"Unga wa msiba haurudi nyumbani," bibi akajibu, akaenda zake.

Mimi niliamini unga ule ndio uliomfufua, na kwa muda mrefu sikuogopa kifo cha mtu yeyote maadamu muhogo upo ndani.

Kwenye filamu hawakuonyesha alivyoinuka. Yule bwana amekufa moja kwa moja. Anayetembea ni bibi, ambaye siku tuliyomzika unga wa majirani ulijaa nyumba nzima.