Belti Iliyokatika Malaba

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Busia, mkuu wa maabara alinikalisha mbele ya mashine iliyokuwa ndogo kuliko redio ya nyumbani. Akaniambia, "Dada, hii inataka subira. Ukiharakisha, itakudanganya."

Kazi ya mashine hiyo inaitwa spektroskopia ya Raman. Unaelekeza mwanga wa leza kwenye kitu, nao karibu wote unarudi kama ulivyokwenda. Sehemu ndogo sana hurudi ikiwa imebadilika rangi, kwa sababu molekuli za kitu hicho hutikisika kwa namna yao. Mashine huchora mabadiliko hayo kama mstari wenye vilele. Plastiki ina vilele vyake, kutu ina vyake. Kitu kikianza kuchakaa, vilele hupanuka au husogea, mara nyingi kabla jicho halijaona lolote.

Nilianza na mabomba ya maji, nikapelekwa kwa wavuvi wa Osieko kupima nyavu za nailoni, kisha nikahamishiwa kituo chetu kidogo cha Malaba mpakani, karibu na foleni ya malori. Huko ndiko nilikopata kazi ambayo sijaisahau.

Lori la mabati lilikuwa likikata kona kuingia kwenye foleni, belti ya kufungia mzigo ikakatika. Mabati yalimwangukia Mama Amoit, aliyekuwa akiwauzia madereva njugu kando ya barabara. Alifariki pale pale. Mwenye lori alisema belti zake zilikuwa nzuri, ila dereva wake, Mutua, alifunga vibaya. Mutua alisema, "Nilimwambia boss belti zimeisha. Akasema nizivumilie tu." Hakuna aliyemsikiliza. Akawekwa ndani, na polisi wakatuletea ile belti.

Mkuu wa kituo chetu, mzee wa maneno machache, alijua kwamba nilikuwa mteja wa marehemu.

"Utaweza kuipima?"

"Nitaweza, mzee."

"Basi andika ulichoona. Usiandike unachotamani."

Nilipima pale ilipokatika, nikapima na mbali na hapo. Kisha nikafumua mshono wa mwisho, mahali kitambaa kimekunjwa na jua halifiki. Ndani ya mshono, vilele vya poliesta, uzi uliofumia belti ile, vilisimama vyembamba, safi. Nje, kila nilipopima, vilikuwa vimepanuka na kuzama ndani ya mng'ao mzito, kama inavyokuwa kwa poliesta iliyoliwa na jua muda mrefu. Nikalinganisha na belti mpya ya dukani. Mwishowe tukavuta kipande cha ile ya zamani kwenye mashine ya kupima nguvu, na kikakatika mapema sana.

Mahakamani, wakili wa mwenye lori aliniuliza kama mashine yangu inaweza kujua Mutua alifunga vipi siku ile. Nilisema haiwezi. Mutua aliinamisha kichwa. Nikaendelea: "Lakini hata ingefungwa vizuri namna gani, belti hii haikuwa tena na nguvu ya kushika mzigo ule."

Mutua aliachiliwa. Mwenye lori akafunguliwa mashtaka.

Nje, binti ya Mama Amoit alinifuata. Alikuwa ametulia kuliko nilivyotegemea.

"Kwa hivyo mama aliuawa na jua?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Jua liliila ile belti polepole, na kuna mtu aliambiwa."

Alinishika mkono, akaenda zake.

Sasa nimestaafu, niko shambani Moding. Vijana wa maabara hunipigia simu wakikwama na vilele visivyoeleweka, nami huwaeleza kadiri ninavyokumbuka. Kabla ya kukata simu, huwauliza kile wanachopima kimetoka wapi, na ni nani hupita kando yake.