Ua Lenye Mizizi kwa Bi Haruko

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata sasa nikiwa na mvi, na kila nikiikumbuka naona haya. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Machakos juzijuzi tu, nafanya kazi ya kutunza wagonjwa majumbani huko Katy, Texas. Nikapewa bibi mmoja Mjapani, Bi Haruko, mwenye saratani, aliyekuwa akingoja operesheni. Tulipendana. Alikuwa akivigeuza viatu vyangu vielekee mlangoni, nikitoka nisihangaike. Mimi nikamzoesha chai ya maziwa.

Wiki ya operesheni nikataka kumpa moyo. Maua ya kukatwa sikuyataka, maana kwetu nilikuwa nimeyaona mazishini tu. Nikamnunulia ua la chungu, na mizizi yake na udongo wake, ili lidumu. Bi Haruko akalipokea kwa mikono miwili, akainama, akatabasamu. Jioni natoka kwenda kwenye gari, nalikuta limewekwa nyuma ya gereji!

Basi nikanuna, na enzi zile nilikuwa na mdomo, usinione hivi. Nikampigia rafiki yangu wa Dallas.

"Hawa watu wana madharau, aki! Wananichekea, halafu wanatupa zawadi yangu. Wiki ikiisha nina-resign."

Siku mbili nikafanya kazi kama bubu. Chai naiweka mezani, neno sisemi. Bi Haruko akawa ananitazama tu, na chakula hakigusi.

Binti yake, Yumi, aliyekulia hapa Texas na asiyejua kuzungukazunguka kwa maneno, akanivuta jikoni.

"Dada, mimi ndiye niliyelitoa lile ua. Kwetu mgonjwa hapelekewi ua lenye mizizi. Ni kama kuuombea ugonjwa wake uote mizizi. Mama aliogopa, lakini akanikataza nisikwambie, usije ukaumia. Kesho ndiyo operesheni, na anayemwaza ni wewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwenye kuogopa kifo alikuwa yeye, na bado alikuwa akinilinda mimi. Nikaenda nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Nilikutakia uzima."

Akanishika mkono. "Najua," akasema. "Nilijua siku ileile."

Kesho yake asubuhi alipelekwa hospitali. Hakurudi.

Mwanangu, hasira hasara, na kuuliza si ujinga. Ukikutana na adabu usiyoielewa, usikimbilie kuiita dharau. Hata sisi mgeni hatumwambii kwamba chakula kimekwisha. Tunamchekea, huku tunatuma mtoto kwa jirani. Mtu akikuficha jambo, pengine anakuhurumia. Muulize kwa upole, tena umuulize mapema, maana mimi niliponea chupuchupu.

Mungu akupe moyo wa kuwadhania watu mema, na kila utakapokosa, akujalie uombe msamaha uliyemkosea angali anakusikia.