Nilichoma fomu ya masomo ya mwalimu anayeniuguza leo

Admin, nakuomba ulifiche jina langu na la shule. Nina miaka themanini na mmoja. Ninaandika kwa kidole kimoja, leo ni siku ya tatu, kwa sababu sitaki mjukuu wangu anisaidie halafu aone haya. Daktari hapa Migori alimwambia mwanangu kwamba moyo wangu umechoka, akidhani mimi sisikii. Ninasikia vizuri sana.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari upande wa Homa Bay. Somo langu lilikuwa jiografia. Mwaka mmoja tuliletewa mwalimu mpya wa somo hilo, binti mwenye digrii, nitakayemwita Akinyi ingawa si jina lake. Mimi nilikuwa na diploma tu. Nawaambieni ukweli, sijaona mwalimu kama yule. Maswali ya kusoma ramani, ambayo wanafunzi wetu waliyaruka kwenye mtihani, yeye aliyafundishia juu ya kilima kilicho nyuma ya shule, kila mtoto na karatasi yake mkononi. "Haya, kisiwa cha Mfangano kile pale. Nionyesheni hapa kwa karatasi kiko wapi. Asiyejua atashuka kutuletea maji!" Watoto walicheka, na walijifunza.

Mwaka wake wa tano alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili. Ilibaki likizo ya masomo kutoka kwa mwajiri wetu, na fomu ya kuiomba lazima ipitie kwangu: niandike maoni, nitie sahihi, niipeleke mbele. Alinikabidhi mbele ya walimu wenzake kwa furaha. "Japuonj," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita mwalimu kwa Dholuo, "nikirudi nitakufundisha hata wewe." Stafurumu nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, lakini neno lile liliniingia vibaya.

Sikuipeleka. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliwahurumia watahiniwa wa kidato cha nne, ambao wangebaki bila mwalimu. Si kweli, au si kweli yote. Nilikuwa na wivu. Niliogopa angerudi na digrii mbili, akae katika kiti changu. Fomu ililala kwenye droo hadi siku tulipochoma karatasi kuukuu za mitihani nyuma ya jikoni ya shule. Niliitupa humo kwa mkono wangu.

Alipoanza kuulizia majibu, nilimwambia nitafunga safari hadi Nairobi nikampiganie mwenyewe. Sikufika Nairobi. Nilikaa siku mbili kwa dada yangu huko Sindo, nikila samaki. Niliporudi nilimwita ofisini nikamwambia, "Wamekataa. Wanasema jiografia si somo linalohitajika sasa." Machozi yalinitoka. Yalikuwa ya aibu, lakini Akinyi alidhani ninamlilia yeye. Akaanza kunibembeleza mimi! "Pole, Japuonj. Umefanya yote."

Hakuomba tena. Wenzake wa hesabu na fizikia walienda, wakarudi, wakawa wakuu wa shule. Yeye anakaribia kustaafu akiwa mwalimu wa darasani. Mwalimu kijana wa jiografia akimuuliza habari za kusoma zaidi, humjibu, "Sisi hawatupi. Hata mkuu wangu alienda mpaka Nairobi." Habari ya safari ile aliisimulia hata kwenye mazishi ya mke wangu, na watu wakanipa mkono.

Sasa wanangu wanafanya kazi mbali, na Akinyi, aliyehamishiwa shule ya karibu hapa, ndiye anayeniuguza. Kila Jumamosi akitoka kanisani, maana ni Msabato, hunipitia na supu ya samaki. "Utakunywa ama nikuandikie barua ya onyo?" hunitania hivyo, nami hunywa.

Jumamosi iliyopita alikuja na habari. Binti yake, ambaye naye anafundisha jiografia huko Kegonga, amepata nafasi ya uzamili, ya mambo ya kuchora ramani kwa picha za setilaiti. Anatakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi.

"Nimemwambia aachane nayo," Akinyi alisema. "Sitaki avunjwe moyo kama mimi."

"Mwache ajaribu. Siku hizi mambo yamebadilika."

"Japuonj! Ni wewe unasema hivyo? Si wewe ulilia pale ofisini?"

"Mruhusu tu, mama."

"Ah-ah. Tumeshamaliza. Alilia kidogo, sasa amenyamaza. Kunywa supu, inapoa."

Nikainywa.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Ushauri wangu hausikii, kwa sababu uongo wangu ndio anaouamini, na siwezi kuuondoa bila kusema nilichofanya. Nikisema, binti huenda akasoma. Lakini nitakuwa nimemnyang'anya Akinyi kitu cha mwisho alichobaki nacho, ile imani kwamba yuko mtu mmoja aliyempigania. Na mimi nitakufa bila yeye. Mnaona? Hata sasa, na pumzi hii kidogo, bado ninajifikiria kwanza.

Nikinyamaza nitazikwa kwa heshima. Ameshawaomba wanangu azungumze siku hiyo kwa niaba ya walimu, na ninajua atakachosema.

Nyinyi mnaosoma hapa ni wanangu na wajukuu zangu, na najua wengine wenu ni walimu waliowahi kungoja barua ambayo haikuja. Nimwambie Jumamosi hii, akiwa ameketi hapa mbele yangu? Ama kuna njia ya kumwokoa binti bila kumvunja mama? Msinihurumie kwa sababu ya uzee. Niambieni tu, nifanye nini?