Milango ya Avenyu ya Michikichi

Kwanza nilisikia mlango ukigongwa. Ngo, ngo, kimya. Kisha ngo, ngo, ngo, kama mgeni anayeanza kukasirika. Tulikuwa Bukavu, mama yangu na mimi, simu iko mezani kati ya vikombe. Mlio ulikuwa ndani ya ujumbe wa sauti kutoka Uvira, wa Mama Zaina, mwenzake mama katika biashara ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, tangu sijazaliwa.

"Munasikia?" alisema Mama Zaina. "Haiko muntu. Iko ziwa. Inapiga hodi tangu asubuhi, na minye sijaiambia karibu."

Ziwa liliingia hivyo hivyo. Msimu ule wa mvua Tanganyika ilipanda, ikalala ndani ya nyumba za ukingoni, na watu wakahamia juu na magodoro yao.

Mwaka uliofuata nilikuwa nasoma Masta ya mipango ya miji na ardhi. Niliingia darasani kwa hesabu yangu mwenyewe: anayetaka kuandika riwaya za mjini, nilidhani, afadhali ajue mfereji unapita wapi. Profesa wangu alikuwa na hesabu nyingine. Kwake mji ni namba. Nyumba isiyo na namba, alisema, ni uvumi tu.

Basi ikawa hivi. Ofisi ya mji wa Uvira ilikuwa na ramani kubwa ukutani. Maji yalifika na huko, ramani ikavimba kama mkate ndani ya chai. Profesa akajitolea kuwachorea nyingine, yaani akanitoa mimi. Nilipewa kazi mbili ambazo zingekuwa tasnifu yangu: kuhakiki namba za nyumba katika kartie, yaani mtaa, ya Nyamianda, na kuchora kando ya ziwa ukanda ambapo hapatajengwa tena. Kitakachobandikwa pale ukutani ndicho kitakachoitwa Uvira, mpaka maji mengine.

Alfajiri ya kuondoka, Bukavu ilikuwa na ukungu. Nilikaa mbele katika gari la mfanyabiashara wa saruji, kando ya dereva mmoja mnene aliyeimba nyimbo za kanisa kila barabara ilipokuwa nzuri na kunyamaza kila ilipokuwa mbaya. Alianza kunyamaza mapema.

Ngomo. Barabara inashuka mlima kama mwanamke mwenye ndoo kichwani, polepole na bila kutazama chini. Upande mmoja kuna mwamba. Upande wa pili hakuna kitu, na mbali sana ndani ya hicho kisicho kitu, mto Ruzizi unameta. Katika somo la barabara tulifundishwa upana unaofaa kwa magari mawili kupishana. Hapa magari mawili yalipishana kwa imani.

Kamanyola, joto lilitupokea kabla ya kizuizi. Kutoka hapo uwanda wa Ruzizi unatanda, mpunga na mihogo, ng'ombe wanaovuka barabara kwa mamlaka kamili. Dereva akarudia kuimba.

Mutarule, saa tano. Tulisimama kununua nyanya. Mama aliyeziuza aliuliza ninakokwenda na ninafanya nini, nikamwambia kwa fahari kidogo kwamba nasomea kupanga miji.

"Unajua kujenga?"

"Hapana, Mama. Sisi tunachora."

"Na nani anajenga?"

"Wengine."

"Hata kama hamujachora?"

"Mara nyingi kabla hatujachora."

Aliniongezea nyanya mbili. "Kumbe weye uko kama ule muntu ya kupiga filimbi mu mpira," akasema. "Anakimbia sana, lakini hagusi."

Nilicheka mpaka Nyakabere. Pale watu walikuwa wakivuna mpunga, wameinama safu nzima, na dereva akaniuliza kama na wao nitawapanga.

Kavimvira, halafu Uvira, alasiri. Katika picha ya setilaiti ya Profesa, iliyopigwa kabla ya mvua zile, ziwa lilikaa mahali pake kwa adabu. Sasa niliona nguzo za umeme zimesimama majini, juu ya kila nguzo ndege mmoja, na paa za mabati ambazo chini yake hakukuwa na chochote ila buluu. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Niliona aibu kuipenda.

Nyamianda, jioni. Mama Zaina alinipokea mlangoni. Ni mwanamke mfupi wa ushungi mweupe. Wazee wa baba yake walikuja na biashara ya ziwa zamani zile za misafara, na mpaka leo akikupa bei hukupa na ukoo wa mwenye mali. Nyumba aliyopanga ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili, bila dari. Lakini mlango wake ulikuwa wa mbao nzito, wa kijani, na katikati yake, ndani ya duara la rangi nyeupe, namba 17.

"Pita mu mulango, Furaha," aliniambia nilipotaka kuzungukia uani na mizigo. "Mugeni yangu hapitaki nyuma."

Siku zilizofuata nilizunguka kartie na simu mkononi, nikiandika namba. Namba 17 ilipakana na 52. Mbele kidogo niliikuta 17 nyingine, kwenye kibati. Kisha 54, kisha 3, kisha 56, na nyuma ya msikiti namba 22 ikitazamana na namba 11 kama watu waliogombana. Nilifurahi. Mwanafunzi wa mipango miji hufurahia vurugu kama daktari mpya anavyofurahia upele. Usiku nikaandika ukurasa wa kwanza wa tasnifu, wenye maneno "kutojali" na "kukosa utamaduni wa mji", nikautuma. Profesa alijibu upesi, jambo lisilo kawaida yake: "Hapo umeshika tasnifu. Usiiachie."

Jumamosi asubuhi ikawa salongo, ile kazi ya pamoja ambayo kila avenyu hujisafisha. Mama Zaina alivaa buti za mpira, akachukua jembe, akapita mlango hadi mlango akiita. Walitoka watu wa namba 3. Wakatoka wa namba 22, wa 11, wa 9. Majirani wa 52 na 54 walibaki wakifagia mbele ya kwao. Wetu walishika njia ya kuteremka ziwani, nami nikafuata.

Chini, barabara ya udongo iliingia majini bila kusita, kama mtu anayekwenda kuoga. Pande zote mbili zilitokeza kuta, nyingine kwa kimo cha goti. Watu walivua viatu, wakaingia, wakaanza kung'oa matete na kuokota chupa za plastiki kati ya kuta zile. Mama Zaina alisimama juu ya kilichokuwa kizingiti na kuita kwa kichwa, bila karatasi.

"Number tatu!"

"Iko," akaitika Papa Bulimwengu, fundi cherehani mrefu mwenye suruali iliyokunjwa mpaka mapajani. "Iko, lakini samaki inakaa mu salon, ku viti yangu."

"Number kumi na moja!"

"Iko. Kiboko inalalaka mu uwanja."

"Umwambie afanye salongo na yeye. Number makumi mbili na mbili!"

"Iko, Shefu."

Hapo ndipo nilipoona ukurasa wangu wa kwanza ukizama taratibu. Hii ilikuwa Avenyu ya Michikichi, na Mama Zaina ndiye shefu, kiongozi wake, tangu kabla ya maji. Waliposhindwa na ziwa, kila mmoja alibeba mlango wake. Nyumba za haraka za Nyamianda zilijengwa bila milango. Mwenye nyumba humwambia mpangaji aje na wake. Wakaja nayo, na namba zikiwa juu yake. Hakuna aliyezifuta.

"Kwa nini mnafagia maji?" nilimuuliza Papa Bulimwengu.

"Avenyu yenye haifanye salongo si avenyu," alisema. "Wataipa batu wengine." Kisha akanishika mkono, akanionyesha ukuta wake. "Ona. Mwezi ilipita ilikuwa kiuno. Sasa magoti. Niko na mawe tayari, kule juu. Ikifika mu kifundo, minye najenga."

Alitabasamu kama mtu aliyepewa tarehe ya harusi. Nyuma yake, kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, niliona mstari wa tope unaoonyesha maji yalipofika. Ulipita juu ya kichwa chake, na nimesema kwamba alikuwa mrefu.

Jumapili, baada ya mlo wa ugali na mikeke, samaki wa ziwa, Mama Zaina alitaka kuona ninachochora. Nilifungua kompyuta. Ziwa lilikuwa buluu, nyumba kahawia, na kati yake ukanda wa buluu hafifu wenye neno moja: hapajengwi. Alisogeza uso karibu.

"Number kumi na saba iko wapi?"

Nilimwonyesha.

"Umetuweka mu rangi ya samaki."

Nilianza kueleza habari za usalama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ile inayochosha anayeheshimiwa.

"Sikia, mutoto yangu. Hii karatasi wataiweka ku ukuta ya ofisi. Siku maji inashuka, bakubwa watakuja na magari. Watauliza: hapa palikuwa nani? Wataangalia ku ukuta. Wataona rangi ya samaki. Watajenga hoteli, na sisi tutauza ndagala ku mulango yao. Utuweke mu rangi ya nyumba. Iko rangi tu."

"Nikiweka rangi ya nyumba, Papa Bulimwengu atajenga."

"Atajenga, ndiyo. Ni kwake."

"Na maji yakirudi usiku?"

Alinisogezea kompyuta. Kisha akasema, "Umesoma ku Bukavu mpaka umejua usiku ya Uvira."

Sikulala vizuri. Upande mmoja kulikuwa na haki yao, upande mwingine ule mstari wa tope, na katika kozi zote za Masta hakuna rangi inayoitwa haki.

Jumatatu nilichora upya. Ukanda nikauacha: hapajengwi. Lakini ndani yake nikaandika Avenyu ya Michikichi kwa herufi za kutosha kusomwa na mtu aliyeshuka kwenye gari, na kila kiwanja nikakipa namba yake. Juu Nyamianda, kila mlango waliouhamisha nikauwekea duara jeupe. Pembeni nikaandika: "Wenye viwanja wapo, tazama maduara." Ule ukurasa wa kwanza niliufuta.

Profesa alipiga simu.

"Furaha, nyumba haiwezi kuwa mahali pawili."

"Hizi zipo, Profesa."

"Ramani si riwaya."

"Ndiyo maana sikubuni kitu."

Aliniambia nisaini mwenyewe, na jina lake liondoke. Masta nimeipata baadaye, kwa alama alizoziita za huruma.

Jumanne nilichapisha ramani kwenye kibanda cha mashine karibu na soko, nikaipeleka ofisini. Mfanyakazi aliipigilia misumari juu zaidi kuliko ile ya kwanza, karibu na dari, ili maji yajayo yasiifikie. Katika safari nzima huo ndio mpango wa mji pekee niliouona ukitekelezwa. Mama Zaina alikuja kuitazama, ikabidi apande kiti. Alisoma kwa kidole, kiwanja baada ya kiwanja. Alifika pembeni, akarudi kwenye neno "hapajengwi", akashuka, akarudisha kiti. Papa Bulimwengu nilimpitia mwenyewe nikamweleza. Aliendelea kukanyaga cherehani.

Jumatano asubuhi, pikipiki ya kunipeleka kwenye gari la Bukavu ilingoja nje. Nilikuwa nimekwenda Uvira kufundishwa na namba jinsi mji unavyokaa. Nilirudi nikijua kwamba mji unaweza kubebwa begani, ukapanda mlima, na siku ya Jumamosi ukashuka kujifagia; na kwamba kulijua hilo hakuniwezeshi kumruhusu fundi cherehani alale chini ya mstari wa tope. Haya mawili sijapata kuyapatanisha. Niliyaleta nyumbani kama yalivyo.

Mama Zaina alinifungia ndagala katika gazeti.

"Hii ni ya mama yako," alisema. "Ya weye, bado nafikiri."

"Asante, Mama."

"Umeniachia jina, umenikatalia nyumba."

"Ndiyo, Mama."

"Hata uongo hujui kusema, na unataka kuandika vitabu." Alinitengeneza kola kama mtoto anayekwenda shule. "Siku maji inashuka, tutagombana vizuri, minye na weye."

"Na ikipanda tena?"

"Ikipanda, nabeba mulango."

Akanionyesha nje kwa kidevu. Nilipita pale wageni wake wanapopita, na nyuma yangu namba 17, Avenyu ya Michikichi, ikafungwa.